Nyayo za Sajenti Fadhul

Jumanne saa tatu asubuhi Swabrah alikuwa ameshatoa nakala arobaini za fomu za ubatizo, kumi na mbili za barua ya kuomba kazi, na moja ya kitambulisho cha mtu aliyekuwa na haraka. Mashine ilipozimwa ipoe, aliivuta kompyuta karibu, akafungua ramani, akakitafuta kichochoro kilichopita mbele ya duka lile lile alimokaa, pale Malukhu, mjini Mbale. Kwenye ramani kiliitwa barabara ya shamba. Shamba lenyewe lilikwisha zamani. Sasa palikuwa na saluni mbili, kinyozi mmoja na msikiti wa mabati. Swabrah akabadilisha daraja: barabara ya mtaa. Akahifadhi, akarudi kwenye fomu.

Ilipofika saa tano kichochoro kilikuwa kimeongezeka upana hatua mbili. Migomba ya pembeni ilisogea yenyewe bila kuangusha mkungu. Kinyozi aliliinua benchi lake, akaliweka kando, akaendelea kumnyoa mteja yule yule.

"Ni wewe?" aliuliza Olivia, mwenye duka la fotokopi, akiwa mlangoni na ufagio.

"Ni mimi."

"Ungengoja nimalize kufagia. Sasa nimeongezewa kazi."

Ramani ile haikuwa ya serikali wala ya mtu mmoja. Ilikuwa ya wote wanaopita njiani: kila mwenye subira aliweza kuihariri, na madereva wa kutoka Malaba mpaka Kampala waliifuata kama wafuatavyo ushauri wa mama mkwe, kwa kunung'unika lakini bila kuacha. Barabara zilizochorwa humo ziligeuka kuwa kama ramani ilivyosema. Ndivyo mambo yalivyokuwa, na wahariri walilijua hilo kama mpishi anavyojua kwamba moto unaunguza. Ndiyo maana walikuwa na kanuni, na ngazi sita. Wa ngazi ya kwanza aligusa vichochoro tu. Wa ngazi ya sita aliweza kuifunga barabara isiguswe na yeyote aliye chini yake.

Swabrah alikuwa ngazi ya tatu. Alikuwa na stashahada ya upimaji wa ardhi, miaka ishirini na sita, na ulimi usioogopa mtu. Kanuni zote thelathini na mbili alizitafsiri yeye kwa Kiswahili, kwa sababu alichoka kusikia kwamba lugha hiyo ni ya askari, ya kuamrisha watu walale chini. Ya kwanza aliipenda kuliko zote: *Barabara hupewa daraja kwa kazi yake, si kwa sura yake.*

Mchana ule ule simu iliita. Alikuwa bibi yake, Mastula, ambaye kila mtu alimwita Haboba, kama Wanubi wanavyowaita bibi zao.

"Swabrah, lango limeota."

"Limeota wapi, Haboba?"

"Barabarani. Jana lilikuwa kimo cha kifundo. Leo limefika goti. Ni la chuma, tena limekuja na rangi yake, kijani."

Haboba aliishi Kambi ya Zamani, baina ya Budondo na Buwenge, katika wilaya ya Jinja. Zilikuwa nyumba kumi na tisa za wajukuu wa askari waliotoka upande wa Sudani zamani za vita vya wakubwa. Afisa mmoja wa kikoloni aliwaonyesha pale mahali kwa fimbo yake, akasema hapa mtapumzika, kisha akapanda meli akarudi kwao. Hawakuwa na karatasi. Walikuwa na barabara ya kilomita nne, iliyotoka Kambi hadi njia panda ya Buwenge, ikipita katikati ya miwa. Haboba alizoea kusema: "Hati ya nyumba sina. Hii barabara ndiyo hati yangu. Aliyeichora alijua kuna watu mwisho wake."

Swabrah alifungua ramani. Barabara ya Kambi ilikuwa imetolewa kwenye daraja la mtaa, ikawekwa *barabara binafsi*. Aliyebadilisha: Bogere, ngazi ya sita. Imefungwa.

"Na kuna karatasi," Haboba aliendelea. "Imegongelewa mlangoni. Inasema sisi wote tulio kwenye barabara binafsi tumo ndani ya shamba la kampuni ya miwa. Tuondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Wamegonga msumari katikati ya mlango wangu, Swabrah. Mlango wa mvule."

Swabrah alimwomba Olivia ruhusa ya wiki mbili. Olivia alimpa moja na nusu.

*

Ofisi ya Bogere ilikuwa Jinja mjini, juu ya duka la vitambaa. Mchana alikuwa mpimaji wa kampuni ya miwa. Saa zote alikuwa mhariri mkuu wa Busoga. Alikuwa mtu mpole. Alimletea Swabrah kiti, akakipangusa kwa leso yake mwenyewe.

"Ndiye wewe wa Mbale, uliyetuandikia kanuni kwa Kiswahili?"

"Ndiye mimi."

"Kiswahili chako, dada! Nikikisoma nahisi nimesimamishwa kwenye kizuizi, naulizwa kitambulisho."

"Kama unacho, unaogopa nini?"

Bogere alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa na kicheko kizuri, jambo lililomuudhi Swabrah.

"Barabara ya Kambi ni ya umma," Swabrah alisema.

"Nyayo ziko wapi?"

Nyayo ni ule mstari ambao simu huuacha kwenye ramani inapotembea na mtu. Kambi ya Zamani walikuwa na simu za vitufe. Mwenye simu kubwa alikuwa mmoja tu, Zubair wa bodaboda, naye aliizima data ili isimalize bando. Miaka yote watu walikuwa wakipita barabara ile bila kuacha alama yoyote mahali ambapo Bogere angeweza kuiona.

"Kanuni ya kumi na nne," Bogere alisema, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mgeni viatu vyake. "Barabara isiyo na nyayo za umma, mwenye kulima pande zote mbili anaweza kuiita yake. Umeitafsiri wewe mwenyewe. Vizuri sana."

Swabrah aliikumbuka. Alikesha juu ya sentensi ile siku mbili akitafuta neno zuri la kuwekwa mwisho, na alipolipata alijinunulia soda.

"Nani analima pande zote mbili?"

"Kampuni."

"Na wewe unafanya kazi kwa nani?"

"Kwa ramani," Bogere alisema. "Na kampuni." Akamkaribisha chai. "Niletee nyayo za siku saba mfululizo, Kambi mpaka njia panda, zisikatike langoni. Nitaifungua kwa mkono wangu. Mimi si mtu mbaya."

"Sijasema wewe ni mbaya."

"Watu husema."

*

Alipofika, lango lilikuwa limepita kimo cha mtu. Bawaba zilikuwa zimekomaa. Kufuli lilitoka mwisho, kama ua, na kampuni ilikuwa imemleta askari na kiti chake cha plastiki kuliangalia. Waliokuwa hai walizunguka kwa kinamasi, maji kiunoni. Haboba alikuwa na miaka sabini na sita. Siku ya soko la Buwenge ilikuwa imempita, na makawa yake ya kufunikia vyakula, yaliyosukwa kwa ukindu mwekundu na mweusi, yalijaa sebuleni mpaka dirishani. Bibi harusi mmoja wa Buwenge alikuwa amefunika biriani yake kwa magazeti.

Zubair alisimama upande wa pili wa lango na pikipiki yake, kila siku, akingoja abiria ambao hawakuweza kumfikia.

"Nimekaa hapa mpaka askari amenifundisha karata," alimwambia Swabrah kupitia nondo. "Nimemshinda mara mbili. Hafungui."

"Siruhusiwi," askari alisema. "Lakini amenishinda kweli."

Baada ya sala ya alasiri babu yake Swabrah alitoka makaburini. Sajenti Fadhul alikuwa amekufa miaka thelathini na moja iliyopita. Kila siku, mvua au jua, alitembea hadi njia panda kukagua mitaro, akarudi kabla ya magharibi. Haboba alimwekea chai kizingitini. Hakuwahi kuinywa, akishapita, Haboba aliinywa mwenyewe, maana sukari ilikuwa ghali.

Lango halikumhusu. Alipita kati ya nondo kama moshi wa jikoni upitavyo dirishani. Askari wa kampuni alisimama, akapiga saluti. Sajenti akaijibu, akamwonyesha kidole kifungo kilicholegea. Askari alikifunga.

Swabrah alimtazama mpaka akapotea kwenye miwa. Kisha akaenda kuichaji simu yake.

Kesho yake alimngoja makaburini.

"Babu, chukua hii. Iweke kwenye mfuko wa risasi."

Sajenti aliigeuza mkononi. Alizungumza Kiswahili cha kambini, kile kile alichofia nacho. "Hii kitu gani?"

"Simu. Inaandika ulikopita."

"Naripoti kwa nani?"

"Kwa ramani."

"Ramani ni afande gani?"

Swabrah alifikiri. "Ngazi ya sita."

"Sawa," alisema Sajenti, akafunga mfuko. Aliheshimu vyeo.

Alipovuka lango, Zubair alimpisha, akapangusa kiti cha pikipiki. "Afande, panda. Nikufikishe njia panda dakika tano."

"Mimi askari ya miguu. Askari ya miguu hapana panda."

"Bure, afande."

"Bure ndiyo mbaya kabisa."

Wote walicheka, na Swabrah alicheka kuliko wote. Baadaye alikikumbuka kicheko hicho.

Nyayo zilikuja. Swabrah alikuwa ameona nyayo nyingi katika miaka minne ya uhariri: za madereva walevi, za wauza maziwa wanaosimama kila nyumba, za mapadri. Hakuwahi kuona zilizonyooka namna ile. Hatua kwa hatua, nafasi sawa, Kambi hadi njia panda na kurudi, zikipita katikati ya lango kama vile hapakuwa na lango. Siku ya tano Sajenti alikuja na wenzake wanane kutoka makaburi yale yale, kwa sababu aliwaambia kuna kazi. Simu ilikuwa moja, walipokezana. Haboba aliongeza vikombe vinane vya chai, akavinywa vyote, akakosa usingizi.

"Mmoja wao ni Swaibu," alisema. "Aliniposa kabla ya babu yako. Bado ana kimbelembele. Umeona alivyokaa mstari wa mbele?"

Siku ya saba Swabrah alizituma nyayo zote. Aliandika maelezo mafupi, bila kubembeleza, kwa Kiswahili cha kizuizini.

*

Jibu la Bogere lilifika asubuhi.

*Nyayo nimeziona. Ni safi kuliko zangu. Nakubali kwamba umma unapita. Barabara si binafsi tena, nimeiondoa daraja hilo. Lakini kasi ya safari zote ni kilomita tano kwa saa. Hakuna gurudumu hata moja. Kanuni ya tisa: ipitwayo chini ya kilomita kumi kwa saa tu, ni njia ya miguu. Nimebadilisha. Nimefunga. Wasalimie wazee.*

Swabrah aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Alikuwa na stashahada. Kasi ndicho kitu cha kwanza ambacho mhariri huangalia, kabla ya jina, kabla ya upana. Alikuwa ameziangalia nyayo za babu yake siku saba, akaona jinsi zilivyonyooka, akajivuna, wala hakutazama saa.

Lango lilianza kunywea mchana huo, kama mche ulionyimwa maji. Saa tisa lilikuwa kimo cha goti. Saa kumi lilibaki kufuli peke yake mchangani, nalo likazama. Askari alibeba kiti chake, akaagana na Zubair, akaenda zake. Karatasi za kampuni zilianguka kutoka kwenye milango yote kumi na tisa, misumari na yote, na tundu la mlango wa Haboba likabaki tundu.

Kisha barabara ikaanza kupungua. Miwa ilisogea kutoka kulia na kushoto, kwa adabu, bila kuvunja kitu, mpaka ikaacha nafasi ya mabega mawili na mzigo. Zubair alikuja kupima. Usukani wa pikipiki haukuingia. Alifungua vioo vya pembeni, akajaribu tena, haukuingia. Matofali ya kukarabati msikiti yalishushwa njia panda, yakaachwa hapo. Gari la mkunga wa kutoka kituo cha afya lilisimama hapo hapo, mkunga akashuka na begi lake, akatazama kilomita nne za miwa, akavua viatu.

Upande wa pili wa shamba kulitokea barabara mpya, pana, iliyonyooka, ya malori ya kampuni. Swabrah hakuhitaji kuangalia ni nani aliyeichora.

Jioni alikaa mbele ya Haboba, akamwambia: "Nisamehe. Nimekosea."

Haboba alikuwa anayapanga makawa, dogo ndani ya kubwa, saba kwa pamoja. "Umekosea nini?"

"Nilitaka barabara."

"Umeiomba barabara kwa kumtuma mtu wa miguu. Ukipewa njia ya miguu, unalia nini?" Alijaribu mzigo kichwani, ukakaa. "Nyumba yangu iko?"

"Iko."

"Basi. Kesho ni soko. Miguu ninayo."

Na kweli kesho yake alikwenda, kilomita nne, makawa yakiyumba juu ya miwa kama mnara mdogo unaotembea. Alirudi wakati Sajenti na wenzake wanane walipokuwa wakienda. Njia haikuwatosha. Askari tisa walisimama kando, ndani ya miwa, wakampisha. Swaibu alivua kofia.

"Vaa kofia yako," Haboba alimwambia bila kugeuka.

Swabrah alimwachia babu yake simu, maana mzee alisema hajapewa amri ya kuirudisha, naye Haboba akaahidi kuichaji. Akapanda gari la Mbale. Njiani aliandika kwa kalamu barua sita kwa Bogere, moja baada ya nyingine, kila moja kali kuliko iliyotangulia, na alipofika kwenye kompyuta ya duka akazituma zote. Bogere alijibu moja: *Kanuni ni kanuni, dada. Hata ile ya kwanza ni nzuri sana.*

*

Miezi miwili ikapita. Siku ya Alhamisi, saa mbili asubuhi, Olivia aliita kutoka nje.

"Swabrah! Njoo uone. Kuna kitu cha watu wako hapa."

Katikati ya kichochoro, kati ya saluni na benchi la kinyozi, chuma kilikuwa kimechomoza ardhini. Kimo cha kifundo, rangi ya kijani. Kinyozi alikuwa ametundika taulo lake juu yake likauke.

Swabrah aliingia ndani akafungua ramani. *Barabara binafsi.* Bogere, ngazi ya sita, sasa mhariri mkuu wa Mashariki yote. Kampuni ya miwa ilikuwa imenunua ghala mwisho wa kichochoro na viwanja vya pande zote mbili, kikiwemo kile liliposimama duka la Olivia. Imefungwa.

"Ni mbaya?" Olivia aliuliza.

"Ni mbaya."

"Tutahama?"

"Hatuhami." Swabrah alisema hivyo kama anavyosema bei ya nakala. "Mwambie kinyozi afungue programu ya ramani kwenye simu yake. Na wa saluni. Na imamu. Kila mwenye pikipiki apite hapa leo, simu ikiwa wazi, kabla chuma hakijafika goti. Na wasiende polepole."

Olivia aliweka ufagio chini, akavuka njia. Aliruka kile chuma bila kukitazama.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa Haboba, akiwa na sauti ya mtu aliyeudhiwa.

"Umemwambia nini babu yako?"

"Sijamwambia kitu."

"Basi amesikia huko wanakosikia. Jana alasiri alifika njia panda hakurudi. Nimekunywa chai yake na ya wenzake mpaka nimeacha. Zubair amewaona leo alfajiri wakishika njia ya kuja huko kwenu, wote tisa. Akamwambia, afande, Mbale ni mbali, panda."

"Akapanda?"

"Atapanda yule! Alimwambia hapana. Lakini Zubair anasema, aliwasha pikipiki awasindikize, akashindwa kuwafikia."

"Akashindwa vipi, Haboba?"

"Wanakimbia."

Swabrah aliitafuta simu yake ya zamani kwenye ramani. Mstari ulikuwapo, mwembamba, umenyooka, hatua zenye nafasi sawa, ulikuwa umeshapita Buwenge, umeshapita Iganga, unapanda barabara ya Tirinyi, iendayo Mbale, kati ya mashamba ya mpunga. Safari hii alitazama kwanza kasi: ilikuwa imeipita kumi kwa mbali.

Huko Kambi ya Zamani njia ilibaki upana wa mabega mawili, na kufuli la ngazi ya sita juu yake. Nje, chuma kilikuwa kimefika nusu ya muundi, na taulo la kinyozi lilikuwa limeanza kukauka. Mashine ya fotokopi ilikuwa imepoa. Swabrah akaiwasha, akarudi kwenye fomu. Zilikuwa zimebaki thelathini.